Hipnosisi binafsi: namna ya kujiandaa kabla ya saa ya muguka

Hipnosisi binafsi ni zoezi la kuituliza akili kwa makusudi, kuielekeza kwenye jambo moja, kisha kujiambia maneno machache uliyoyatayarisha ili yaje kukufaa saa ya kutenda. Mtu hulifanya peke yake, akiwa macho, kwa dakika kumi au kumi na tano. Hakuna kuzirai, hakuna kupandisha, hakuna ubani wala mganga. Watu hulitumia kwa malengo mengi: kupata usingizi, kupunguza hofu ya mtihani, kustahimili maumivu, kuacha sigara. Hapa tunalitazama kwa lengo moja ambalo nyumba nyingi za Pwani zinalijua kwa karibu, nalo ni kuacha au kupunguza muguka na miraa.

Jani lenyewe lina kwao. Milima ya Nyambene katika kaunti ya Meru, pande za Maua, Laare, Mutuati na Kangeta, ndiko inakotoka miraa: vijiti vinavyofungwa vitita na kuviringwa majani ya mgomba visikauke, mlaji akaambua ganda kwa meno. Ukishuka mpaka Embu, upande wa chini wenye joto wa Mbeere, pande za Kiritiri, Siakago na Ishiara, ndiko unakotoka muguka, yaani majani machanga na ncha laini zinazotafunwa bila kuambuliwa, aghalabu pamoja na chingamu au njugu. Mti ni mmoja, Catha edulis kwa jina la kitaalamu. Mmeru atakukatalia katakata ukimwambia vitu hivyo viwili ni kimoja, na sokoni ana haki yake, maana bei ni tofauti na wateja ni tofauti. Kwa mwili wa mlaji tofauti si kubwa hivyo. Kinachomchangamsha ni kathinoni, kemikali ambayo maabara ya Umoja wa Mataifa iliitambua mwaka 1975. Jani likinyauka nayo hupotea, na kufikia saa 48 nguvu yake nyingi imekwisha. Ndiyo maana magari ya miraa hukimbia vile.

Kwa mkulima wa Igembe au Mbeere, jani hili ni karo ya watoto na bati la nyumba. Lina adabu zake pia. Kwa Wameru kitita maalumu hupelekwa ukweni wakati wa posa, na wazee husimulia kwamba zamani kutafuna kulikuwa jambo la watu wazima, la baraza na mazungumzo, si la kijana kukaa nalo mchana kutwa. Nayasema haya kwa sababu tukiwa huku chini tunazoea kuliona jani tu, hatuoni linakotoka, na mazungumzo yakishafika hapo huwa ni matusi.

Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa Mombasa. Kilifi ya Gavana Gideon Mung'aro ikafuata, na Taita Taveta pia. Viongozi wa Embu, Gavana Cecily Mbarire akiwa mbele, wakapeleka malalamiko yao kwa Rais William Ruto, na Ikulu ikatangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa miraa ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha utekelezaji. Wiki moja ya makelele, na baada yake kibanda cha muguka kikabaki palepale pembeni mwa mtaa. Mtu aliyekuwa akingoja serikali imsaidie kuacha alirudi kuwa yeye na nafsi yake.

Basi tuanze hapo, na mtu na nafsi yake.

Aliyezoea gomba hasumbuliwi nalo saa zote sawasawa. Asubuhi anaweza hata kuapa kwamba leo hali. Kero huja kwa saa na kwa mahali: alasiri, kazi ikilegea, mzigo mpya ukifika, wenzake wakikusanyika maskani. Mwili ushajifunza kwamba ikifika saa tisa panakuja stimu, na unaanza kudai kabla mtu hajafikiri lolote. Anayeacha ghafla baada ya kula kwa muda mrefu kwa kawaida hupata uchovu, usingizi mzito, ndoto mbaya, hasira za karibu na moyo kuwa mzito. Haya hupungua yenyewe siku zikipita, ila katika siku hizo mtu huwa na hamu kubwa na nguvu kidogo. Hipnosisi binafsi inakusudiwa kufanya kazi kwenye saa hiyo ya tisa. Unaifanyia mazoezi mapema, ukiwa mtulivu, ili itakapofika usianze kubishana nayo upya.

Jina limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya usingizi, na limeleta upotofu mwingi. Mwaka 1841 daktari mpasuaji wa Kiskoti aitwaye James Braid, aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, alikwenda kutazama maonyesho ya Mfaransa mmoja aliyekuwa akiwalaza watu jukwaani kwa madai ya nguvu za sumaku. Braid alikwenda akidhani ni kiinimacho kitupu. Aliporudi nyumbani akajaribu kwa njia yake, kwa kumfanya mtu akodolee macho kitu kimoja bila kuyapepesa, akaona hali ileile inatokea bila sumaku wala nguvu za mtu mwingine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1843, na mwaka uliofuata alijifanyia mwenyewe kutuliza maumivu ya baridi yabisi. Baadaye alitaka hata kulibadilisha jina, kwa kuwa alishaona kwamba si usingizi bali ni akili kushikwa na wazo moja. Lakini jina la kwanza lilikuwa limeshaenea, akashindwa.

Aliyeitoa kwa madaktari na kuipeleka kwa watu wa kawaida ni Émile Coué, mwuza dawa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1926. Yeye aliwafundisha watu kurudia sentensi moja fupi mara ishirini, asubuhi na usiku, wakihesabu kwa uzi wenye mafundo ishirini. Msomaji wa Pwani atawaza tasbihi hapo hapo. Namna ya kuhesabu inafanana, lakini mambo ni mawili tofauti: huyu anajisemesha nafsi yake, hafanyi ibada. Jambo lenye maana zaidi kwa Coué ni lile alilosisitiza kwamba nia ikigombana na picha iliyomo akilini, picha ndiyo hushinda. Anayejikaza kwa kusema hatakula huku akiona kichwani majani mabichi, amejiwekea majani mbele yake. Kisha mwaka 1932 daktari Mjerumani, Johannes Schultz, akachapisha utaratibu wake wa kujituliza kwa kuhisi mikono na miguu inakuwa mizito na yenye joto. Njia nyingi zinazofundishwa leo zimechanganya Braid, Coué na Schultz.

Zoezi lenyewe ni hivi. Chagua saa usipokuwa na stimu wala hamu. Baada ya alfajiri ni nzuri, na kabla ya kulala pia. Ukiwa umetafuna, kathinoni ni kichangamsho, moyo unakwenda mbio, kutulia ni kazi bure. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini, mikono mapajani. Usijilaze kitandani, hasa siku za mwanzo za kuacha ambapo usingizi unakuvizia. Zima simu. Chagua alama moja ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho, uitazame bila kuhama huku unapumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Macho yakianza kuchoka yaache yafunge yenyewe.

Hapo peleka fikra mikononi, uhisi uzito wake. Halafu mabega, taya, paji la uso, tumbo, miguu. Wengi hushangaa kugundua kwamba taya lao limekazwa muda wote, na mlaji wa jani ana sababu zaidi ya wengine. Hesabu kutoka kumi kurudi moja, polepole, na kila hesabu ujione unashuka daraja moja, kama unashuka ngazi za gati maji yakiwa yametulia. Ukipotea kwenye hesabu si neno, anza pale unapokumbuka. Mawazo yatakuja: deni, mtoto, mechi ya jana. Usiyafukuze, yaache yapite, rudi kwenye hesabu. Usingoje jambo la ajabu litokee. Hali hii inafanana na ya mtu aliyezama kwenye hadithi redioni, anasikia mlango unagongwa lakini haoni haja ya kuinuka. Ikitokea dharura utainuka mara moja.

Ukifika moja, sema neno lako, kwa sauti ya ndani au kwa mnong'ono, mara kumi au ishirini, na kila ukilisema lione jambo lenyewe likitendeka. Kisha hesabu moja hadi tano, fumbua macho, nyosha mikono, simama. Basi.

Yote yanategemea hilo neno, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Husema mambo makubwa na ya mbali: nitakuwa mtu mpya, maisha yangu yatabadilika, nitakuwa tajiri. Gabriele Oettingen, mtaalamu wa saikolojia, amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya jambo hili. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1991 pamoja na Thomas Wadden, wanawake waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito walifuatiliwa, na wale waliojichorea ndoto tamu zaidi za mwili wao mpya ndio waliopunguza kidogo. Ndoto tamu huishibisha akili kana kwamba safari ishakwisha. Peter Gollwitzer naye ameonyesha kwamba kinachomsaidia mtu ni mpango wa namna ya ikitokea hivi, nafanya vile: saa maalumu, mahali maalumu, kitendo maalumu. Kwa maoni yangu hapa ndipo hipnosisi binafsi inapopata thamani. Bila mpango wa namna hiyo ni kupumzika tu, jambo zuri, lakini haliondoi muguka shavuni.

Chukua mfano wa dereva wa tuktuk wa Likoni anayeanza kula saa tisa. Neno lake lisiwe "sitakula muguka". Liwe mathalan: "Ikigonga saa tisa, nasimamisha tuktuk, nanawa uso, nanunua dafu, narudi barabarani kwa njia ya nyuma." Kila kitendo kinaonekana na kinafanyika, na muguka haumo kwenye sentensi. Akilala na neno hilo na kuamka nalo wiki mbili, saa tisa itamkuta na jambo la kufanya mikononi. Mikono ina maana hapa, kwa sababu kutafuna ni kazi ya mikono na mdomo kwa saa nyingi, na ukiondoa bila kuweka kitu badala yake panabaki pengo. Tangawizi, mbegu za maboga, ubani wa kutafuna usio na sukari, vyote vinafaa.

Kwa anayeishi Meru au Embu kwenyewe mambo ni magumu zaidi, na Wapwani wako huko: walimu, wafanyakazi wa serikali, wafanyabiashara, mabibi walioolewa. Mtu wa Kisauni anaweza kupita mtaa mwingine akakiepuka kibanda. Aliye Maua au Kiritiri jani liko shambani kwa jirani, liko kazini kwake, na pengine ndilo linalomlipa mshahara. Zaidi ya hayo, mzee akikukaribisha na kukupa vijiti viwili, kukataa kwa pupa ni utovu wa adabu. Kumwambia mtu wa namna hiyo akae mbali na jani ni kumwambia ahame nyumbani kwake.

Neno lake basi liishike ile heshima na lisiikimbie: "Nikipewa, napokea kwa mikono miwili, nashukuru, naweka mfukoni, naomba chai." Alifanyie mazoezi na sura ya mzee mwenyewe akilini, na maneno atakayoyatamka, na kimya kifupi kitakachofuata. Maana kinachomwangusha mtu pale ni ile aibu ya nusu dakika ambapo wote wanamtazama. Aliyeipitia nusu dakika hiyo mara arobaini akiwa kitini peke yake haimtishi sana ikija. Mkulima au mchumaji anayetaka kuacha kutafuna huku akiendelea kuchuma naye hutenganisha mambo mawili: mkono unachuma, mdomo una kitu kingine tangu alfajiri.

Kuhusu lugha, sema kwa ile unayoitumia ukikasirika. Nimeona mafunzo ya kurekodiwa kwa Kiingereza laini yanauzwa kwenye simu, na mtu anayasikiliza kama kelele ya feni. Kimvita, Kigiriama, Kimeru, Kiembu, Kimbeere, yoyote iliyo ya nyumbani ndiyo inayoingia ndani. Ukipenda, jirekodi mwenyewe sauti yako kwenye simu, usikilize. Ni bure.

Je, inafanya kazi? Ushahidi wenye nguvu zaidi wa hipnosisi uko kwenye maumivu na kwenye maradhi ya tumbo ya muda mrefu yasiyo na kidonda. Huko Manchester tena, mwaka 1984, Peter Whorwell na wenzake walichapisha matokeo mazuri kwa wagonjwa wa tumbo la namna hiyo, na tangu 2008 mwongozo wa tiba wa Uingereza unairuhusu kama njia mojawapo dawa zikishindwa. Kwenye sigara, ambayo iko karibu zaidi na muguka, habari si tamu hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane mwaka 2019 hayakupata uthibitisho wa kutosha kwamba hipnosisi inaishinda misaada mingine ya kuacha sigara. Kwa hiyo anayekuahidi kikao kimoja na uraibu kwisha anakuuzia maneno. Watu pia hawalingani: takriban mmoja kati ya kumi, au zaidi kidogo, huzama kwa urahisi sana, idadi kama hiyo hawazami kabisa, na waliobaki tuko katikati. Ukijaribu wiki tatu kila siku na huoni kitu, hujashindwa wewe. Tafuta njia nyingine.

Kuna wanaopaswa kuiacha au kumwuliza daktari kwanza. Anayesikia sauti zisizo na mtu, anayeona watu wanamfuata, au aliyewahi kupatwa na wazimu, asifanye mazoezi haya peke yake. Kula jani kwa wingi kunaweza kuleta au kuzidisha hali hizo, na dalili kama hizo ni za kwenda hospitali siku hiyohiyo, si za kufichwa nyumbani kwa kuogopa majirani. Mwenye kifafa aulize. Mwenye dawa za sukari, presha au za akili asizikatishe kwa sababu anajihisi ametulia. Usifanye zoezi hili ukiendesha chombo, hata ukiwa umesimama kwenye foleni ya feri. Na usilitumie kutafuta kumbukumbu zilizopotea za utotoni. Akili katika hali hiyo hutunga mambo na kuyaamini, na familia zimevunjika huko ng'ambo kwa kumbukumbu zilizotengenezwa kitini kwa mtaalamu.

Wengine watauliza kama huu si uchawi wa kizungu. Swali ni la haki, kwa sababu neno hipnosisi limeingia kwetu kupitia filamu na waganga wa mabango. Ukiliangalia zoezi lenyewe hakuna anayeombwa isipokuwa wewe, hakuna kinachotolewa, na maneno ni yako uliyoyaandika kwa kalamu yako. Mwenye shaka na amsomee shehe au padri wake hilo neno alilolitunga. Litakuwa ni saa tisa, maji ya uso na dafu.

Weka daftari dogo. Kila usiku andika vitu vitatu tu: zoezi nimefanya au sikufanya, saa tisa imepita vipi, na pesa zilizobaki mfukoni ambazo zingekwenda kwenye jani. Siku ukila, andika umekula, na uandike palipovunjika: ni saa ilibadilika, ni rafiki alikuja, ni mshahara uliingia? Kesho yake rekebisha sentensi ipate kushika pale palipovunjika. Aliyeanguka Ijumaa jioni maskani anahitaji neno la Ijumaa jioni, kwa sababu lile la saa tisa lilikwisha kufanya kazi yake. Mara nyingi mtu huishia na maneno mawili au matatu, la siku za kazi, la mwisho wa wiki, na la harusini, maana harusini ndiko wengi wanakorudi nyuma.

Na kama jani limeshika mpaka zoezi la dakika kumi halikaliki, au kuna pombe na vidonge pamoja nalo, piga 1192, namba ya bure ya NACADA. Unazungumza na mshauri, na si lazima uwe mwenyewe mlaji. Mama au mke pia anaweza kupiga.